Mlio wa silinda ya tatu: kisa cha Subaru iliyojengwa upya Nakuru

Gari liliingia uwanjani kwetu likivutwa kwa kamba na pikapu, na hilo peke yake lilinifurahisha. Mwenyewe, kijana mkulima wa upande wa Njoro, alisikia mlio asubuhi ile akitoka mjini. Akazima injini kando ya barabara, akampigia kaka yake simu. Wengi husema "acha nifike tu nyumbani". Angefanya hivyo, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) ingetoboa bloku, na hakuna ambaye angejua kilichoiua injini ile, kwa sababu ushahidi wote ungekuwa umesagwa.

Lilikuwa Impreza WRX lenye injini ya EJ20 ya turbo, yaani inayosukumiwa hewa kwa nguvu: silinda nne zilizolala, ya 1 na ya 3 upande wa kulia, ya 2 na ya 4 upande wa kushoto. Injini hiyo ilikuwa imeshanoki mara moja. Beringi ya bigendi, yaani ile kati ya konrodi na krenki, ilizunguka mahali pake, krenki ikakwaruzika, gari likapelekwa kwenye karakana moja likajengewa injini upya: pistoni za forji, konrodi nzito, beringi mpya, krenki ikasagwa robo milimita. Baada ya kilomita 1,400 tu, mlio ukarudi.

"Fundi, hii si shida kubwa," kaka mtu aliniambia kabla sijafungua boneti. "Pistoni za forji hupiga kelele. Aliyeijenga alituambia tuizoee."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo sababu yanaponza watu. Pistoni ya forji hutanuka zaidi ikipata joto, kwa hiyo hufungwa ikiwa na nafasi kubwa kuliko pistoni ya kiwandani. Asubuhi, injini ikiwa baridi, pistoni hucheza ndani ya silinda na kugonga ukuta. Injini ikishashika joto, nafasi inajaa na kelele inakwisha. Basi nikamgeukia mwenye gari.

"Kijana wangu, ukiwasha alfajiri, inagonga?"

"Alfajiri iko kimya kabisa. Ikishapata moto, nikiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, hapo ndipo inaanza ko-ko-ko-ko."

Jibu hilo liliniambia mengi kuliko mlio wenyewe. Pistoni hulia kwenye baridi na kunyamaza kwenye joto. Beringi ya konrodi iliyokwisha hufanya kinyume: oili ya baridi ni nzito, inaziba nafasi na kuficha ugonjwa. Oili ikiyeyuka, chuma kinakutana na chuma. Ukiachia mafuta, konrodi inaacha kusukumwa na inaanza kuvutwa, na ile nafasi inasikika wazi.

Lakini mlio ni dalili, na dalili moja haitoshi kubomoa injini ya mtu. Kwa injini iliyosimama, kama nyingi za Toyota, mara nyingi unaweza kushusha sampu, ukafungua kofia moja ya konrodi, ukaitazama beringi na kuirudisha, na jioni gari likaondoka. EJ haikupi nafasi hiyo. Bloku lake ni nusu mbili zilizoifumbata krenki kama maganda ya karanga yanavyofumbata punje. Ili uione beringi ya konrodi, injini itoke garini, vichwa vitoke, pini za pistoni zichomolewe kupitia matundu madogo ya bloku, ndipo utenganishe nusu hizo. Hapo gaskiti zote ni mpya, na kazi ni ya siku kadhaa. Kwa hiyo kila swali linaloweza kuulizwa kutoka nje nililitaka liulizwe kwanza, na mengi yake yaulizwe injini ikiwa imezimwa.

Nilianza na oili. Niliimwaga polepole kupitia kitambaa cheupe cha pamba, kisha nikaitazama juani: ilikuwa inameta. Filta niliikata kwa kikatio cha gurudumu. Msumeno wa chuma sitaki kuuona karibu na filta, maana unaongeza unga wake mwenyewe na kuharibu ushahidi. Karatasi ya ndani nikaikunjua, nikaikata vipande, nikaikamua kwenye jiliwa na kuiosha kwa petroli juu ya sinia jeupe.

Injini mpya hutoa chuma, hilo ni la kawaida. Ringi, zile pete za pistoni, zinapokaa kwenye ukuta wa silinda, oili ya kwanza huwa na unga wa kijivu, laini kama majivu, usioshikika kwa vidole. Niliyoyaona kwenye sinia hayakuwa unga. Yalikuwa magamba membamba, mengine ya rangi ya fedha, mengine mekundu kama shaba.

Nikapitisha sumaku chini ya sinia. Machache sana yalisogea, kwa hiyo magamba mengi hayakutoka kwenye ringi, kemu wala meno ya pampu. Yale ya fedha yaliweza kuwa alumini ya pistoni, au tabaka la juu la beringi. Hapa kuna kipimo cha zamani ambacho mafundi wengi wamekiacha: kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa kwenye maji. Alumini ikiguswa na maji hayo hutoa mapovu. Nilivaa glavu na miwani, maana kitu hicho kinakula ngozi na macho, nikadondosha magamba kadhaa. Hayakutoa povu. Kipimo hiki kina mtego: zipo beringi za alumini, na hizo nazo zingetoa mapovu, ukadhani ni pistoni. Ndiyo maana nilimwomba kijana atafute kasha la beringi zilizofungwa. Alikuwa amelihifadhi. Zilikuwa za tabaka tatu: mgongo wa chuma, katikati shaba iliyochanganywa na risasi, na juu utando mwembamba, laini, wa rangi ya fedha. Ukiona shaba kwenye filta ya injini yenye beringi za namna hiyo, utando umekwisha mahali fulani.

Ila shaba ina mlango mwingine wa kutokea. Turbo nayo ina beringi, na mara nyingi ni za shaba. Nilivua bomba la hewa nikashika ncha ya mhimili wa turbo. Kulikuwa na mchezo kidogo wa kwenda pembeni, kama inavyotakiwa. Wa kwenda mbele na nyuma haukusikika kwa kidole, na mapanga hayakuwa na alama ya kugusa ukuta. Turbo nikaiweka kando.

Kisha nikapima kompresheni, yaani presha ya hewa inayogandamizwa na pistoni ndani ya silinda, na hapa nilipotea kwa saa nzima. Plagi zote zilitoka, mafuta na moto vikakatwa, mtu akakanyaga mpaka mwisho. Nilipata 118, 116 na 119 psi kwenye silinda ya 1, ya 3 na ya 2. Ya 4 ikasoma 104.

Nieleze kwanza hizo 118, maana kaka mtu alishika kichwa. Alikuwa ameona mtandaoni kwamba injini hii inatakiwa ifike 150. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ina kama asilimia 80 tu ya uzito wa hewa ya Mombasa. Injini inayosoma 150 Mombasa itasoma karibu 120 hapa, bila kuwa na ugonjwa wowote. Nimeshaona injini nzima zikibomolewa katika mji huu kwa sababu ya hesabu hiyo kutofanywa, na inaniuma, kwa sababu ni hesabu ya dakika mbili.

Sasa hiyo 104. Silinda ya 4 ya injini hizi ina sifa mbaya ya kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo na turbo ikisukuma sana. Nikaanza kuamini kwamba nina magonjwa mawili. Nilikaribia kumwaga oili kijiko kimoja ndani ya silinda, kama tunavyofanya kuona kama ringi zimekufa, kisha nikakumbuka kwamba kwenye silinda iliyolala oili hukaa chini tu na haizunguki ringi yote. Kipimo hicho hudanganya kwenye injini hizi.

Nilichofanya ni kuingiza hewa ya kompresa. Unaleta pistoni juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, unaingiza hewa ya psi 100 kupitia tundu la plagi na kusoma inayopotea. Unasikiliza pia inatokea wapi: kwenye ekzosi, kwenye njia ya hewa, kwenye kifuniko cha oili, au mapovu ndani ya radieta. Silinda zilipoteza asilimia 7, 8, 6 na 8, na hewa kidogo ilisikika kwenye kifuniko cha oili tu, kama kwenye injini yoyote yenye ringi nzima. Silinda ya 4 haikuwa na tofauti na wenzake. Basi 104 ilitoka wapi? Betri. Niliipima silinda hiyo mwisho, na starta ilikuwa imeshachoka. Nikaunga betri ya pili na kurudia: 117. Kosa lilikuwa langu, na sasa kila kipimo cha kompresheni kwetu kinafanywa na betri mbili.

Ikabaki kuiwasha. Nilisita, maana kila dakika ya kuzunguka ilikuwa inakula krenki. Lakini nilihitaji presha ya oili ikiwa moto, na nilihitaji kujua ni konrodi gani. Nikaweka filta mpya na oili safi, nikafunga geji ya bomba mahali pa swichi ya taa. Hiyo taa ya oili watu huiamini kupita kiasi. Huwaka presha ikiwa imebaki kama psi 2, karibu na sufuri. Kutowaka kwake hakuambii kitu kuhusu afya ya beringi.

Kwa EJ20, oili ikiwa na joto la nyuzi 80, kiwango cha kiwandani ni angalau psi 14 kwa mizunguko 600 kwa dakika, na psi 43 kwa mizunguko 5,000. Ikiwa baridi geji yetu ilisoma vizuri kabisa. Joto lilipofika 80, ikashuka hadi 6 bila kukanyagwa, na nilipoipandisha taratibu hadi 2,500 ikafika 19 tu. Sababu ni hii: pampu hupeleka oili, lakini presha hutokana na wembamba wa nafasi kwenye beringi. Uvujaji hukua kwa nguvu ya tatu ya nafasi. Nafasi ikiwa mara mbili, oili inayovuja ni mara nane. Beringi moja iliyokwisha inatosha kuwanyang'anya wenzake chakula.

Kuhusu ni ipi, bisibisi ndefu sikioni haisaidii sana kwenye injini hii, kwa sababu krenki iko katikati na mlio unasambaa pande zote mbili. Nilichomoa plagi za koili moja baada ya nyingine, sekunde chache kila moja ili petroli mbichi isioshe kuta. Ya 1, mlio uleule. Ya 2, uleule. Nilipochomoa ya 3, kugonga kukalegea, kukawa kama mtu anayebisha mlango kwa kiganja badala ya kifundo. Nikaizima, nikachukua ufunguo nikauweka mfukoni.

"Mzee, si tungeweka oili nzito kwanza tuone?" kaka mtu aliuliza.

"Ndugu yangu, oili nzito itakunyamazishia mlio hadi Salgaa, kisha konrodi itatoka nje. Leo bado una bloku."

Mwenye gari alinyamaza muda, akasema, "Fungua, fundi. Lakini nataka kujua kwa nini. Mara ya pili hii." Alikuwa na haki. Kujua kilichoharibika ni nusu tu ya kazi, na wa kwanza aliyeijenga aliishia kwenye nusu hiyo.

Bloku lilipotengana, beringi ya konrodi ya 3 ilikuwa kama filta ilivyosema. Ganda la juu lilikuwa limebaki shaba tupu, na mgongo wake umekuwa mweusi wa bluu kwa joto. Shingo ya krenki mahali pale ilisoma milimita 51.70 upande mmoja na 51.68 upande mwingine, yaani ilikuwa imekuwa yai. Nafasi ilifika 0.11, wakati ninayoitaka kwenye injini ya namna hii ni karibu 0.045.

Lawama ya kwanza huenda kwa aliyesaga krenki. Lakini shingo tatu zilizobaki zilisoma 51.74, duara safi, zikiwa zimesagwa robo milimita kutoka 52 kama ilivyoahidiwa, na nafasi zake zilikuwa kati ya 0.045 na 0.05. Kipimo kilikuwa sahihi. Boliti za konrodi zilikuwa zimekazwa sawa. Bomba la kufyonzea oili halikuwa na ufa, na skrubu za mgongo wa pampu hazikulegea. Mtu angeweza kuishia hapo, akaandika "beringi mbovu" na kuagiza nyingine.

Kilichonizuia ni beringi nzuri. Nilizichukua zile za silinda ya 1, 2 na 4, ambazo kwa macho zilikuwa salama, nikaziweka chini ya lenzi. Zote zilikuwa na mikwaruzo myembamba inayofuata mzunguko, na kwenye mwisho wa baadhi ya mikwaruzo kulikuwa na punje iliyozama. Za meni, zinazoishika krenki ndani ya bloku, zilikuwa hivyohivyo, kidogo. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa wa silinda ya 3. Uchafu ulikuwa umelishwa injini nzima, na silinda ya 3 ilipewa sahani kubwa zaidi.

Krenki ina njia ndani yake zinazotoa oili kwenye shingo za meni na kuipeleka kwenye shingo za konrodi. Niliingiza brashi nyembamba kwenye njia ya konrodi ya 3, nikasukuma na petroli. Kikatoka kitu kama uji wa wimbi uliokauka: tope jeusi, vipande vya shaba vya ile ajali ya kwanza, na punje za kijivu. Punje hizo hazikuvutwa na sumaku, na nilipozisugua kwenye kioo zilikikwaruza. Hilo ni jiwe, unga wa gurudumu lililosagia krenki. Njia nyingine zilitoa kidogo, ile ilitoa nyingi.

Hapo hadithi ikakamilika. Krenki ilisagwa vizuri, kisha ikapulizwa kwa hewa na kufungwa. Nilimpigia simu fundi aliyeijenga, kwa heshima, na alithibitisha mwenyewe kwamba alipuliza kwa kompresa. Hewa hupita katikati ya njia na kuacha tope lililoganda ukutani. Oili moto ndiyo inayolilainisha baadaye, kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita. Na jambo baya zaidi ni mahali: uchafu ule ulikuwa baada ya filta. Hakuna filta duniani ambayo ingeuzuia.

Kipoza oili, kile kikombe kinachokaa kati ya bloku na filta, nacho nilikijaza petroli nikakitikisa, kikatema magamba. Sidhani kwamba ndicho kilichoua, kwa kuwa sikukuta njia kuu za bloku zikiwa na uchafu wa kulingana nacho, lakini sikirudishi kipoza kilichowahi kuonja beringi. Ndani yake kuna vijia ambavyo hakuna brashi inayofika.

Matengenezo yenyewe nitayapitia haraka. Krenki nyingine ya kipimo cha kiwandani tuliipata Kirinyaga Road, Nairobi, nikaipima kila shingo kabla ya kulipa. Konrodi ya 3 ilikuwa bado duara, nikaibadilisha hata hivyo, kwa nyingine ya uzito uleule, maana chuma kilichopata joto la kubadili rangi sikiamini. Plagi za njia za oili kwenye bloku zilitolewa zote. Tuliosha kwa maji ya moto na sabuni, brashi ndefu, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kilipotoka cheupe. Mafuta ya taa hayabebi punje za jiwe kama sabuni inavyozibeba. Kabla ya kuwasha, tulizungusha kwa starta bila moto mpaka geji ikapanda.

Oili ya kwanza niliimwaga baada ya nusu saa ya kuwaka na kuikata filta mbele ya mwenye gari: unga wa kijivu, hakuna gamba. Ya pili kilomita 500, unga kidogo tu, wote wa sumaku. Juzi alirudi akiwa na kilomita 1,900, amepanda Mau Summit na kurudi mara kadhaa bila kusukuma turbo kwa nguvu. Oili ikiwa na nyuzi 80 geji ilisoma 16 bila kukanyagwa, na 38 kwa 2,500. Filta aliikata mwenyewe, akaikunjua kwenye sinia na kuitazama muda mrefu juani. Anataka kuifungulia turbo presha yote ikifika kilomita 3,000, na tumekubaliana apite hapa kwanza tukate nyingine.